Damu ya Rafiki wa Baba

Baba yangu alikuwa mbishi, na ubishi wake nimeurithi wote. Siku aliyojikata paja kwa shoka shambani kwetu Kanoni, alifikishwa hospitali ameishiwa damu, midomo myeupe, na bado anabishana. Mimi nilikuwa nafanya kazi maabara palepale.

Daktari akasema aongezwe damu haraka. Rafiki yake wa kuchanjiana akaja mbio. Ujanani hao wawili walichanjana tumboni, kila mmoja akameza damu ya mwenzake kwa punje ya kahawa. Kwetu huo ni undugu usiovunjika.

"Ya mtu mwingine siitaki," baba akasema. "Yake au nife."

Nikamtoa yule mzee damu chupa moja. Kundi lilikuwa sawa na la baba. Vipimo vya Ukimwi navyo vilikuwa vimetufikia karibuni, nikapima. Mungu wangu! Nikarudia, jibu likawa lilelile. Amri yetu ilikuwa moja: damu mbaya imwagwe, na mtoaji asiambiwe, maana hatukuwa na aliyefundishwa kuwaambia watu habari hizo. Amri gani ile! Lakini niliapa kuitii.

Nikamwaga. Mimi na baba damu yetu ni kundi moja, na yangu ilikwisha kupimwa, basi nikamwomba mwenzangu wa maabara anitoe damu.

"Hiyo ni yake?" baba akauliza alipoiona chupa.

"Ni yake, baba."

Nje yule mzee alinisubiri, kofia mkononi. "Imefaa, mwanangu?"

"Imefaa, baba mdogo."

Ningemjibu nini? Ningesema haikufaa, angeuliza ina nini. Nikaenda nyuma ya maabara nikalia, nikijua baba atapona.

Akapona kweli, akarudi na ubishi wake. Baada ya miezi kadhaa rafiki yake, aliyekuwa mjane, akataka kuoa tena. Baba akawa mshenga, na mimi nikaburutwa kama binti wa nyumba. Nilikataa mara tatu. Ukimkatalia baba bila sababu atakuhoji mpaka uchoke, na sababu ndiyo nisiyoweza kuitaja.

Tulipoketi kwao binti aliyeposwa, shangazi yake hakuzunguka. "Mke wa kwanza wa huyu bwana alikonda mpaka akafa. Siku hizi tunauliza. Mwenzetu ni mzima?"

Baba akacheka, akajipiga kifua. "Damu yake inatembea humu! Ingekuwa mbaya hospitali wangenipa? Aliyeipima ni huyu binti yangu. Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Binti mwenyewe alikuwa mkekani, kajifunika khanga, hajatimiza hata miaka ishirini. Niliona macho yake tu. Nilikuwa na kiapo cha kazi, na heshima ya wazee wawili, na uongo wangu mwenyewe. Nilijichukia kabla sijafungua mdomo.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Nilimpima."

Shangazi akapiga kigelegele.