Uso wa Fabiola

Floribert alijifunza kuchora watoto katika kitabu kimoja tu, albamu kuukuu ya wachoraji wa Ulaya wa miaka mia mbili iliyopita, aliyoachiwa na padri mmoja. Humo kila mtoto ana mashavu mekundu, macho yaliyolowa huruma na mwanakondoo kifuani. Mtaa mzima wa Kadutu ulimpendea hilo. Mtoto akija na kamasi, Floribert humfuta kwa brashi. Akija amekonda, hunenepa bila kula. Wazazi huchekelea na kumtundika ukutani.

Maman Eulalie, muuza sombe, yaani majani ya muhogo, kutoka Mudaka, alileta picha moja ndogo ya pasipoti. Binti yake Fabiola alikufa kwa homa akiwa na miaka sita. Simu iliyokuwa na picha nyingine iliibiwa sokoni, akabaki na hiyo peke yake. Alisema anaogopa kuusahau ule uso. Floribert alimwambia atulie.

Akafanya kama afanyavyo siku zote: alichukua kalamu ya biki na rula, akapiga mistari ya vyumba vidogo vidogo juu ya ile picha ili aikuze chumba kwa chumba. Mkono ulishazoea, akili haikuulizwa. Akachora gauni jeupe, akalegeza shingo, akajaza mashavu. Kovu lililokuwa juu ya jicho hakulichora, kwa sababu lilimharibia utamu. Mwanakondoo naye hakukosa. Aliipenda sana kazi yake, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Jumamosi Eulalie alikuja, akautazama mchoro. Alisema kwa upole kwamba ni mtoto mzuri, ila Fabiola alikuwa mtoto wa kununa, hakumchekea mtu hovyo. Akaomba arudishiwe picha yake ndogo. Floribert alipoitoa ndipo naye alipoiona: wino umepita katikati ya macho na mdomo, na vidole vyake vyenye rangi vimefuta kilichobaki. Akanyakua brashi, akaahidi kurekebisha kila kitu palepale.

"Unielezeye tu, maman," alisema. "Ile kovu ilikuwaka ku upande gani?"

Eulalie akafumba macho. Akainua kidole mpaka kwenye nyusi ya kushoto, akakipeleka kulia, akakirudisha.

"Nikifunga macho, niko naona huyu wako," alisema mwishowe. "Wangu siko namuona tena."