Orijino ya Levis Ikapel

Ukitaka kumjua Levis Ikapel, usimuulize habari za picha. Muulize habari za boksi. Analo kwenye studio yake hapa Malaba, rafu ya juu kabisa, kando ya cheti cha ubatizo wa mtoto wake: boksi dogo la karatasi ngumu ambalo zamani lilikuwa na betri ya kamera. Sasa halina kitu ndani. Alilifungua kwa wembe, polepole, ili kile kibandiko kinachometameta kisichanike, na mteja akiingia kutaka picha nne za pasipoti, huonyeshwa boksi kwanza.

Mimi naitwa Velma Amuron. Kibanda changu kiko ng'ambo ya barabara. Siku za wiki napiga picha za madereva wa malori wanaongoja karatasi zao za kuvuka, na Jumamosi napiga harusi na mazishi. Nimemtazama Ikapel kwa miaka tisa kutoka kwenye stuli yangu, kwa hiyo asije mtu akasema nasikia maneno ya watu. Namdharau kwa ujuzi.

Si kwamba hajui kazi. Ana jicho, na bibi harusi aliyepigwa naye hujiona mzuri kuliko alivyo. Ugonjwa wake ni neno orijino. Viatu vyake ni orijino, manukato yake ni orijino, hata kiberiti hukigeuza asome kimetoka wapi kabla hajawasha. Mji huu unakula kwa bidhaa zinazovuka mpaka zikiwa zimebadilishwa jina mara mbili njiani, naye amekaa katikati yake akitafuta kitu kisicho na doa.

Betri zangu za akiba nanunua Busia kwa Brendah, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Si za kampuni iliyotengeneza kamera. Ni za kampuni nyingine ndogo, ambayo imeandika jina lake yenyewe ubavuni bila haya, na bei yake ni robo ya zile kubwa. Sizichukui kwa imani. Nikifika nyumbani naijaza betri chaji, napiga picha ukuta wa jikoni mpaka izime, nahesabu nimepata ngapi, halafu naiandika namba kwa rangi ya kucha. Kati ya nane nilizowahi kununua, mbili zilikuwa takataka, na Brendah alinibadilishia huku akinung'unika. Ile ya kampuni yenyewe, iliyokuja na kamera, ninayo pia, na baada ya miaka sita bado inazishinda zote. Mimi sina ugomvi na orijino. Ugomvi wangu ni na watu wanaonunua kibandiko.

Ikapel alinikuta siku moja nikipaka namba tano.

"Dada Amuron, wewe unalisha ng'ombe ya gredi na magazeti," akasema. "Kamera ya pesa yote hiyo, unaweka vitu ya Brendah."

"Na yako umenunua wapi, boss?"

"Burumba. Kwa mtu wa maana."

Huyo mtu wa maana, nilikuja kuambiwa, aliuzia sebuleni kwake mapazia yakiwa yamefungwa, na risiti hakuwa nayo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hiki cha Burumba kilikuwa na akili zaidi: kilijificha ili kitafutwe.

Nilikuwepo alipoiweka mara ya kwanza. Kamera yake ni ya aina moja na yangu, na ikiwekwa betri isiyoifahamu huandika kwenye kioo kwamba betri haitambuliki, kisha huuliza kama uendelee. Mimi huulizwa hivyo kila ninapotia za Brendah, nabonyeza ndiyo, maisha yanaendelea. Basi kamera ya Ikapel ikauliza vilevile. Nilisoma kwa macho yangu. Yeye akabonyeza ndiyo upesi kwa kidole gumba, akawageukia wateja wawili waliokuwa kwenye benchi.

"Inaisalimia," akawaambia. "Orijino mpya lazima isalimiwe."

Nikamvuta mpaka agroveti ya jirani, ambako wana mizani ndogo ya kupimia dawa za mifugo. Orijino yangu ya miaka sita ilisoma gramu themanini na moja. Yake, ya aina ileile, jina lilelile ubavuni, ilisoma hamsini na nne.

"Bado haijashiba moto," Ikapel akasema, akaifuta kwa shati lake na kuirudisha mfukoni. Muuza dawa alicheka mpaka ikabidi akae juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Nami nilicheka. Ningekuwa nacheka hadi leo kama baba yangu angekuwa hai.

Baba, Mzee Eriaku, alifariki mwezi wa nane mwaka jana, na tukapanga kumzika nyumbani kwetu Angurai. Tumezaliwa saba, mimi kitinda mimba, na alinipenda kuliko wote bila hata kuficha. Sasa, kwetu picha ya mazishi si pambo. Kabla jeneza halijafungwa, msimamizi wa shughuli huita kundi baada ya kundi lisimame nyuma yake: wakwe, wajukuu, akina mama wa kanisa, wakulima wenzake wa tumbaku, na mwisho kabisa watoto wa marehemu. Hiyo ya mwisho hutiwa fremu na kutundikwa sebuleni. Miaka ishirini baadaye mtu akitaka kujua wewe ni nani katika boma lile, hupelekwa mbele ya ukuta. Nimezipiga picha hizo kwa familia za watu mpaka nikapoteza hesabu, na ya kwangu ilikuwa hiyo moja tu. Niliitaka sana.

Mfiwa hafanyi kazi kwenye msiba wake, kwa hiyo kamera yangu niliiacha Malaba. Nilipendekeza tumwite mwenzangu mmoja wa Busia, mtu mtulivu. Kaka yetu mkubwa Ejoku akakataa. Ejoku ni wakala wa forodha pale mpakani. Kazi yake ni kupitisha mizigo ya watu kwa kuangalia mihuri, na baada ya miaka kumi na minane anaamini muhuri kuliko mzigo wenyewe. Alikuwa ameshaonyeshwa boksi.

"Tunachukua Ikapel," akasema. "Huyo anatumia vitu orijino. Papa hawezi zikwa na vitu ya magendo."

Sukari ya kilio chenyewe ilikuwa imevuka kutoka Uganda juu ya baiskeli, na Ejoku ndiye aliyeagiza. Mkobani mwangu nilikuwa na betri mbili za Brendah, namba tatu na namba tano, kwa mazoea tu.

Siku yenyewe msimamizi alitangaza kwa kipaza sauti kwamba simu zote zikae mifukoni, familia imeleta mpiga picha wa vifaa orijino. Alisema hivyohivyo, na Ejoku akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesifiwa ibada. Ikapel alikuwa amevaa koti la mifuko mingi. Akapiga wakwe. Akapiga wajukuu mara nne, akiwapanga na kuwapangua. Kila mara alitazama kioo na kusema kwa sauti kwamba chaji bado imejaa, na kweli alama ilionyesha imejaa, hata alipowamaliza wakulima wa tumbaku.

Tukaitwa watoto. Tukasimama saba nyuma ya jeneza, mimi pembeni, upande wa kichwa cha baba, mkono wangu juu ya ubao. Ikapel akainua kamera, na kamera ikazima.

Akaitoa betri, akaipuliza. Akairudisha, ikawaka, ikazima. Akaisugua kwenye suruali. Mwishowe akaitia kwapani na kuibana kama anayepimwa homa, akatuambia tusubiri kidogo, orijino huwa haipendi baridi. Ilikuwa saa nane mchana. Wingu zito lilikuwa limeshuka kutoka upande wa Mlima Elgon, katekista akawa anatazama saa yake, na wanaume wanne walikuwa wameshainua kifuniko cha jeneza.

Nikatoka kwenye mstari, nikamnyooshea namba tatu.

"Weka hii."

"Hiyo kitu haiingii kwa kamera yangu."

"Ikapel, huyu ni baba yangu."

"Pole sana, dada. Lakini kamera ikiungua mtasema ni mimi. Ukiweka hiyo feki, mimi sishiki."

Akakunja mikono. Betri yake iliyokufa ilikuwa bado kwapani. Nilimchukia pale kwa moyo wangu wote, mbele ya maiti ya baba, Mungu anisamehe. Nikamvua kamera shingoni. Hakupigania; alirudi nyuma hatua mbili ili watu waone hahusiki. Nikatia namba tatu. Kamera ikaniuliza kama niendelee, nikabonyeza ndiyo, ikaonyesha asilimia tisini na nane. Nikawaambia ndugu zangu wasogeleane, nikapiga picha tano, na zote tano zilitoka safi, kila uso wazi, hata mistari ya machozi ya dada Asekenye.

Nikamgeukia Ikapel, nikampelekea kioo mpaka puani.

"Feki hiyo," nikamwambia. "Tazama feki."

Alitazama kando. Nami nilipogeuka kurudi mahali pangu, kifuniko kilikuwa kimeshawekwa, na wale wanaume wanne walikuwa wanakaza skrubu kwa haraka kwa sababu ya mvua.

Wiki mbili baadaye, fundi wa simu wa hapa Malaba aliipasua ile orijino ya Burumba, Ikapel mwenyewe akiwa amesimama pale. Ndani mlikuwa na kijibetri kidogo, saizi ya kidole cha mtoto, na sehemu iliyobaki ilijazwa plasta ya ukutani. Tulikuwa watu kama sita tukitazama. Ikapel aliigusa ile plasta kwa ncha ya kucha, akafikiri sana.

"Lakini boksi ni orijino," akasema.

Na boksi lingali kwenye rafu. Chini yake, siku hizi, ametundika picha kubwa ya mazishi ya baba yangu ili wateja waone kazi yake, na kwenye kona ameandika jina lake kwa herufi za dhahabu. Nilivuka barabara kumuuliza aliyepiga ni nani. Akaniuliza kamera ni ya nani. Nikarudi kwenye stuli yangu, maana kubishana na mtu kama huyo ni kupoteza mate.

Nakala ya nyumbani iko Angurai, sebuleni, kwenye fremu aliyoinunua Ejoku. Krismasi iliyopita shangazi Apolot, dada yake baba, alikuja kutusalimia. Hakuweza kuja mazishini kwa sababu alikuwa amelazwa. Macho yake yamefifia, kwa hiyo alisimama karibu kabisa na ukuta, akapitisha kidole juu ya kioo, akitaja kila mmoja kwa jina kuanzia kwa Ejoku. Alipofika wa sita akaendelea kupapasa, kidole kikagonga mbao za fremu.

"Na Amuron? Alikataa kusimama na baba yake?"

"Niko hapa, shangazi. Mimi ndiye nilikuwa napiga."

"Si mlileta mtu wa kupiga?"

Nikamweleza yote: Ikapel, kwapa, namba tatu. Nilimweleza vizuri, kama ninavyowaeleza watu kibandani wakacheka. Shangazi hakucheka. Alingoja nimalize.

"Ile betri yako ilifanya kazi?"

"Ilifanya, shangazi. Hata haikupungua."

"Sasa kubonyeza tu. Hakuna mtu mwingine angebonyeza?"

Watu walikuwa zaidi ya mia tatu. Binamu yangu alisimama karibu nami kiasi kwamba alinishikia mkoba nilipokuwa natia betri. Ningemwekea kidole chake kwenye kitufe, nikakimbia hatua sita, nikasimama upande wa kichwa cha baba. Muda ulikuwepo. Huo huo ndio niliotumia kumtia Ikapel kioo puani.

Nilimwambia shangazi chai yake inapoa.