Mlango Wangu Kwenye Banda la Kuku

Baba mwenye nyumba wangu wa Mfaranyaki aling'oa mlango wa chumba changu mwezi wa saba, kwenye baridi ya Songea, nikiwa nimempokea binti yangu na kichanga chake. Kodi nilikuwa nimeshalipa. Alitaka mpwa wake anayeoa aingie, nami nikagoma kuhama bila notisi. Akaja na nyundo, akaubeba mlango begani. Nikatundika blanketi. Mtoto akaanza kukohoa. Nilitaka mlango wangu, na nilitaka yule mzee aumbuke mbele za watu. Vyote viwili, sio kimoja.

Wiki hiyohiyo wakaja maofisa wa serikali kusikiliza haki za wapangaji zimefikia wapi. Tukakusanyika ofisi ya kata. Nani yuko meza kuu kuwakilisha wenye nyumba? Yeye! Ofisa akasema serikali imepiga hatua, sheria ya upangaji iko kwenye mchakato. Mzee naye akasimama: "Mimi wapangaji wangu nawalea kama wanangu." Jamani!

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo baba," nikamwambia, maana adabu yangu hakuing'oa. Kisha nikamgeukia ofisa: "Mheshimiwa, naomba mkutano uhamie nyumbani kwa huyu mlezi wetu. Si mbali." Watu wakapiga makofi. Ofisa akaangalia saa, akakosa pa kutokea, akanyanyuka.

Tukaukuta mlango wangu umefunga banda la kuku. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Kuku wake wanalala ndani, mjukuu wangu analala na upepo!" Nilisema kwa sauti, nikarudia, ili na majirani wa nyuma wasikie. Ofisa akamwamuru aurudishe chumbani kwangu siku hiyohiyo, kwa mikono yake, bila fundi.

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama anavyohangaika na bawaba, watu wakimwelekeza, "Pandisha kidogo, baba, shusha." Sikumpa hata maji. Wanasema nina roho mbaya. Sawa, ninayo. Hiyo sheria itatoka lini, ofisa aliondoka bila kusema.

Mlango ulipokaa nikaingia, nikafunga komeo. Kumbe mzee alikuwa amevua koti lake na kulitundika humo ndani.

"Hodi, mama."

"Nani?" Sauti naijua vizuri sana.

"Mwenye nyumba. Naomba koti, baridi imezidi."

Nikamfunika mjukuu vizuri.

"Mwenye chumba amelala, baba. Usimwamshe. Njoo kesho."