Fomu ya Kifurushi cha Mutsamudu

Kifurushi kilirudi Moroni kama kilivyoondoka: kitambaa cheupe, kamba ya katani, fundo la mama mkubwa ambalo hakuna mtu mwingine anayeweza kulifungua bila kisu. Ndani mlikuwa na dawa za presha alizomtumia mama yake, bibi yangu. Bibi alikuwa mtaa wa Hombo, mjini Mutsamudu, na dawa zilikuwa zimeadimika mji mzima tangu kisiwa chao cha Nzwani kijitangaze kuwa kimejitenga nasi. Simu zilikuwa hazipiti. Meli ya mizigo ilikwenda ilipopata ruhusa, na kila ilipoondoka hatukujua kama ingeondoka tena.

Vifurushi vilipokelewa na kamati ya vijana, katika chumba kimoja cha mtaa wa Badjanani, nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Vijana wenyewe walikuwa marafiki zangu. Jioni tulisomeana hadithi zetu mle ndani, na tuliamini kwamba visiwa vyetu vingepona kama watu wangesoma zaidi. Katibu alikuwa mshairi. Ndiye aliyetengeneza fomu, kwa Kifaransa kizuri, na mimi niliisifu.

Ndiye pia aliyekitoa kifurushi kilichorudi, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni.

"Bwana mwandishi, njoo uone maajabu. Kuna mama kajitumia dawa mwenyewe!"

Alininyooshea fomu. Ilikuwa imegawanywa kwa mstari katikati. Kushoto, mtumaji; kulia, mpokeaji. Kulia kulikuwa na jina la mama mkubwa, na kushoto jina la bibi. Kule bandarini Mutsamudu waliisoma, wakaona kifurushi kinakwenda Moroni, wakakirudisha kwa uaminifu.

"Nilimwambia kabisa," katibu akasema. "Nafasi ya kwanza jiandike wewe, ya pili yule unayemtumia. Mtoto anaelewa."

Watu walicheka. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni; tulikuwa tumekuja pamoja, ingawa katibu hakujua. Alinitazama. Niliona uso wake unangoja niseme neno, nami nikatabasamu tabasamu la mtu asiyehusika, nikachukua kifurushi kama ninayemsaidia jirani.

Njiani alitembea hatua chache mbele yangu. Nyumbani aliweka kifurushi juu ya meza, akavua viatu, ndipo akanigeukia.

"Ukurasa unaanzia wapi, mwanangu?"

Niliikunjua fomu, nikaitazama.

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Unaanzia wapi?"

Kwake unaanzia kulia. Alisoma chuo cha Kurani tangu utotoni, akaandika barua zake zote kwa herufi za Kiarabu, na katika maisha yake hakuna ukurasa uliowahi kuanza kushoto. Aliambiwa nafasi ya kwanza. Alijiandika kwenye nafasi ya kwanza.

"Kwa nini hukuuliza, mama mkubwa? Katibu alikuwa pale pale."

"Nimuulize kwa mdomo gani?"

Ndipo nilipoelewa. Mama mkubwa ni wa Mutsamudu. Mimi nimezaliwa Moroni na nasema Kingazija, lugha ya kisiwa chetu, kama mtoto yeyote wa mjini, lakini yeye, miaka yote aliyoishi kwetu, hakuwahi kuupoteza ulimi wa Kinzwani. Siku zile ulimi huo ulitosha kumfanya muuza samaki wa soko la Volo Volo akugeuzie mgongo. Sokoni alikuwa akinunua kwa kuonyesha kidole. Na sisi tulimpa karatasi ambayo hawezi kuijaza bila kufungua mdomo mbele ya foleni.

Hakuniomba nimwandikie. Nilijitolea mimi.

"Thubutu! Mama akiona mkono wa mtu mwingine atadhani nimekufa."

Wala hakutaka kurudi kule. Dawa zilikaa mezani, na kila tulipokula tulizisogeza kando ili tuweke sahani.

Niliandika fomu upya. Nilidhani ni kazi ndogo kwa mtu anayeandika riwaya. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi ninazozionea haya hata sasa. Niliandika "yule ambaye moyo wako unamwelekea". Mama mkubwa aliisoma, akauliza, "Hii ni ya dawa au ya posa?" Nikafuta. Nikaondoa mstari wa katikati, nikashusha maswali moja chini ya jingine, kwa lugha tunayosema nyumbani, kila swali kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini. Kinatoka kwa nani? Kinakwenda kwa nani? Yuko mtaa gani, na nani anajulikana pale? Maana Hombo hakuna namba za nyumba. Kuna nyumba ya fulani, karibu na fulani.

Katibu aliishika kwa ncha za vidole.

"Hii karatasi ya watoto wa chuo, bwana. Ushairi uko wapi?"

"Hauko."

"Na wewe ndiye uliyesifu ile yangu!"

"Niliisifu. Yule mama uliyemcheka ni mama mkubwa wangu."

Kalamu yake ikasimama. Akaangalia mlango, kana kwamba yule mama bado yuko pale. "Ungesema siku ile," akasema polepole. Kisha akaichukua fomu yangu. Alipiga chapa nakala zote alizoweza.

Mama mkubwa aliijaza moja jikoni, bila kuniuliza neno, huku wali ukichemka. Niliipeleka mimi. Kifurushi kilipanda meli, na safari hii hakikurudi. Msafiri mmoja alituletea habari kwamba bibi anameza dawa zake na analalamika kuwa ni chungu. Mama mkubwa alicheka hadi akalia.

Nilikuwa nimebaki na rundo la fomu mkononi, nikaziacha nyumbani. Hapo ndipo walipoanza kuja wanawake waliosikia habari za fomu. Walikuja baada ya swala ya alasiri, kwa mlango wa uani, mmoja mmoja. Mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye sikuzote alinijibu salamu kwa kutikisa kichwa, nami nikidhani ana maringo. Mke wa fundi cherehani. Mama mmoja mzee aliyeniuzia mandazi tangu nilipokuwa shule. Walikaa kwenye mkeka wa mama mkubwa, wakajaza fomu zao, wakapumzika, na wakasema kwa sauti, wakidakizana maneno, Kinzwani kitupu.

Nilisimama kizingitini na sahani ya maembe. Yule wa mandazi aliponiona alinyamaza, na wenzake wakanyamaza naye.

"Semeni tu," mama mkubwa akawaambia. "Huyu ni mwanangu."