Miguu Isiyofaa Kuoshwa

Kila Alhamisi Kuu Padre wetu huwaosha miguu wanaume kumi na wawili, nasi desturi yetu ni kuja na miguu iliyokwisha kuoshwa. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akinisugua visigino kwa jiwe. Mwaka huu nilijisugua mwenyewe, nikaketi mbele nikielekea mlango, nikinukia sabuni.

Wa kumi na mbili alikuwa mchukuzi wa Jang'ombe. Alitoka kazini bandarini pekupeku, miguu imeganda tope jeusi. Mzee wa kanisa akamzuia mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Padre kaniita nioshwe."

"Marahaba. Kwa miguu hiyo? Kaoshe kwanza!"

"Nikishaosha, Padre ataosha nini?"

"Usinifanyie ujuvi. Ukichelewa, nampa mwengine nafasi yako."

Kengele ilikwisha lia, na kwake Jang'ombe kwenda kuoga ni mbali. Mchukuzi akageuka aende zake. Bibi anayefagia kanisa akamshika mkono, akamketisha ngazini, akapiga magoti na ndoo yake, akamsugua kwa kanga ya mabegani.

"Bi mkubwa, nnakuchafulia kanga."

"Kanga hufuliwa, mwanangu. Tulia."

Mchukuzi akaingia, akaketi karibu yangu. Padre akammiminia maji, yakaanguka katika beseni meupe kama yalivyotoka kisimani. Mzee wa kanisa akaitikia kwa kichwa, ameridhika kwamba ibada imekwenda safi. Nami niliridhika, mpaka nilipotoka na viatu mkononi, nikayakanyaga maji meusi yaliyobaki ngazini.