Dawa ya tumbo niliyompa mbuzi

Majina yote ninayo kichwani, la mke mwenzangu na hata la yule mbuzi, lakini hapa sitayaandika.

Mume wetu alikuwa bawabu kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara. Siku moja alirudi nyumbani, mtaani Iftin, na kikopo cha dawa yao ya tumbo, vidonge vyeusi vidogo kama mavi ya mbuzi. Aliambiwa ni mizizi na maganda ya machungwa yaliyosagwa, unameza vinane kwa maji moto ukishakula. Alimletea mke mdogo, maana kila akila tumbo lilimjaa na kumkata, mwezi wa pili huo. Lakini kwetu kitu kikiingia nyumbani hukabidhiwa mke mkubwa, na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwangu.

Asubuhi mume alipoondoka kwenda kazini, mke mdogo alikuja akaketi miguuni pangu.

"Abaayo, dada yangu, naomba ile dawa."

"Tumbo lina nini? Umekula nyama ya wageni?"

"Sijala tangu jana, walahi."

"Basi huna cha kukuvimbisha. Dawa ni ya walioshiba."

Majirani wawili waliokuja kunywa chai walicheka, na kicheko chao kikanipa nguvu. Nilikuwa na mbuzi aliyefura tumbo tangu alipoiba mahindi. Nikafungua sanduku, nikamkamata mbuzi taya, nikamtia vidonge kiganja kizima.

"Abaayo, huyo ni mbuzi."

"Huyu ana maziwa. Wewe miaka mitatu humu ndani umetoa nini?"

Mbuzi alitema nusu. Mwenzangu akapiga magoti, akaviokota mchangani kimoja kimoja, vimelowa mate, akavifuta kwa mtandio wake na kuvimeza hivyo hivyo bila maji. Majirani waliangalia vikombe vyao. Mimi nilifunga sanduku.

Adhuhuri alibeba nguo zake akashika njia ya kwenda kwa mama yake, kule Eldas. Mume nilimwambia amemkumbuka mama tu.

Wiki mbili baadaye wazee walitumwa kumrudisha. Walirudi bila yeye, wakakaa kwenye mkeka wetu, na mmoja wao akanigeukia mbele ya mume.

"Hakusema maneno mengi," akasema. "Alituuliza tu kama mbuzi alipona."

Mume akaninyooshea mkono. Nikauvua ufunguo shingoni.

Mbuzi alikuwa amepona.