Reli Ambayo Baba Hakutaka Ikatwe

Usiku ule nililala chini ya meza ya reli, na kilichonilaza pale kilikuwa hasira, si usingizi. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, magodoro yametandikwa mpaka ukumbini, na chumba cha nyuma ndicho pekee ambamo hakuna aliyetaka kulala. Kilikuwa chumba cha Baba. Bado kilinuka gundi, kahawa na risasi ya kulehemu. Kesho yake ilikuwa arobaini yake.

Juu yangu, kwenye mbao alizozipigilia mwenyewe, kulikuwa na reli ndogo ambayo watu waliiita ya kuchezea, ila si mbele yake. Baba alikuwa mnyapara wa genge la reli hapa Tabora. Alipostaafu akaanza kuijenga upya njia aliyokuwa akiitunza, ndogo kiasi cha kuenea chumbani: stesheni ya boksi la majani ya chai, mataruma ya kulalia reli, ya vijiti vya aiskrimu alivyowaomba watoto wa mtaa mzima, reli za vipande vyembamba vya shaba, na injini aliyoiunda kwa kopo la maziwa na mota ya redio kaseti. Umeme ulipita kwenye reli zenyewe, chanya upande huu na hasi upande ule, magurudumu yakauchukua hukohuko. Mimi nafundisha umeme chuo cha ufundi, kwa hiyo nyaya zikawa zangu na njia ikawa yake. Tulikwenda vizuri mpaka alipotaka treni irudi.

Hakutaka irudi kinyumenyume. Alitaka ifike mwisho, izunguke, irudi nyumbani ikiwa imetangulia kichwa, kama mtu mwenye heshima zake. Akalaza reli ikatoka stesheni, ikazunguka ukingo wa meza, ikarudi kuungana na njia ileile iliyotokea. Siku alipounga kipande cha mwisho, transfoma iliguna na injini ikasimama. Shoti. Nikamweleza kwamba reli ya kulia ikizunguka hivyo, inarudi kukutana na ya kushoto, na chanya inagusana na hasi. Dawa ni moja tu: kukata reli zote mbili mahali mzunguko unapoanza na unapoishia, kisha kuupa mzunguko nyaya na swichi yake peke yake.

"Siwema," akaniambia, "mimi nimetembea njia ujana wangu wote natafuta reli iliyokatika, watu wasife. Leo nikate kwa mkono wangu?"

Nikamwambia hii si ile. Akasema treni kubwa inazunguka hivyohivyo na haipigi shoti. Nikasema treni kubwa hailishwi umeme na reli. Akasema basi nikatafute kosa kwenye nyaya zangu. Tukanuniana, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, na kabla hatujapatana moyo wake ukasimama asubuhi moja akiwa anavaa viatu.

Mama alikuwa edani, hatoki chumbani kwake. Jioni ile aliniita akaniambia wenzake Baba wa genge watakuja kwenye kisomo, na Baba alikuwa amewaahidi kwamba wataiona reli yake ikienda. "Iwashe," akasema, "lakini usikate kitu cha baba yako. Alikukataza." Baba mdogo Yasini naye alikuwa ameshasema lake: chumba kinatakiwa, kama kitu hakitembei, wageni wakishaondoka meza ivunjwe, mbao zina kazi. Nisipokata haitembei, na isipotembea inavunjwa. Nikikata, Mama hatanisamehe. Nilishika msumeno wa chuma nikauweka, nikaushika tena nikauweka. Nilikuwa nimemkasirikia Baba kwa kufa akiwa amekosea. Nikajilaza chini ya meza yake na viatu vyangu miguuni.

Mimi si mtu wa ndoto. Nikiamka huwa nimeshazisahau, na wanaozisimulia wakati wa chai hunichosha. Hii naieleza jinsi nilivyoiona.

Nilisikia nyundo. Ilikuwa sauti ya nyundo ya genge, ile ndefu, inayogonga reli na kusikiliza inavyoitika. Ilitoka juu ya mbao, hatua kwa hatua, ikipita usoni kwangu. Nikajivuta kutoka chini ya meza, na nilipoinuka meza haikuwapo. Nilikuwa nimesimama njiani, jua limewaka, nyasi kavu pande zote mbili, na mataruma chini ya miguu yangu yalikuwa vijiti vya aiskrimu, kila kimoja kipana kama mlango, bado vina madoa mekundu ya aiskrimu. Mbele yangu alikuwa Baba, amenipa mgongo, amevaa lile koti lake la kazini lililochanika kwapa.

Nikamwamkia. "Shikamoo, Baba."

Hakuitika. Aligonga reli, akasikiliza, akaihamisha nyundo bega la kushoto, akaenda. Hatua chache akairudisha bega la kulia. Hakuwa hivyo alipokuwa hai. Alikuwa mtu wa kutembea taratibu, na akisimama amesimama. Huyu hakutulia. Aligusa kofia, alipapasa mifuko, aliangalia nyuma bila kuniona, kama msafiri aliyesahau kitu nyumbani na treni imeshapiga honi.

Nikamfuata. Tulipita stesheni yake, na maandishi ya majani ya chai yanasomeka ukutani, makubwa. Kwenye benchi walikaa wale watu aliowakata kwenye magazeti na kuwagundisha, wameganda makalio, wananitazama tu. Tukaingia kwenye kona na kona ikawa darasa langu la chuoni. Wanafunzi wangu wamekaa mistari miwili kandokando ya reli, kila mmoja ana testa mkononi, hakuna anayeuliza swali. Nataka kuwaambia wasimame, mgeni amepita, lakini Baba ameshavuka mlango wa pili na nyundo inagonga mbali. Nakimbia. Mataruma yako mbalimbali, inabidi niruke, na kila nikiruka naogopa kwamba nitakayempata mbele si yeye.

Tulifika pale. Nilipafahamu kabla sijapaona: pale mzunguko unaporudi kuungana na njia kuu, pale alipounga kipande cha mwisho. Risasi ilikuwa bado inang'aa kwenye kiungo, nyingi mno, maana Baba alikuwa hajui kuitumia kidogo. Akanyanyua mguu avuke. Cheche ikaruka, nyeupe, nikasikia ule mguno wa transfoma, sasa unatoka ardhini kote, na giza likatufunika.

Kisha jua. Kisha nyundo. Niko njiani tena, pale nilipoanzia, na Baba yuko mbele yangu, amenipa mgongo, na nyundo yake inahama bega.

Sijui tulizunguka mara ngapi. Stesheni, benchi, darasa, kiungo, cheche, giza. Mara nyingine darasa lilikuwa jikoni kwetu na Mama anakoroga kitu bila kuinua uso. Mara nyingine ilikuwa asubuhi ile, viatu vya Baba vimekaa mlangoni, kamba hazijafungwa, na tukaviruka. Kila tulipofika kwenye kiungo alinyanyua mguu ule ule, na kila mara aliamini atavuka. Hilo ndilo lililoniuma. Nililia nikikimbia, na machozi yalinitia hasira kwa sababu yalinizuia kuona mataruma.

Mzunguko mmoja nikamtangulia. Sikujua nimemtangulia vipi. Nilikuwa kwenye kiungo, na yeye anakuja upande wangu akiwa amekaa kwenye kiberenge cha genge, kile wanachokisukuma kwa mkono, kinakuja bila mtu wa kukisukuma. Nikauona uso wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wake. Ulikuwa umechoka, na haukuwa na ubaya. Kiberenge kikasimama mbele yangu na akanyoosha mkono.

Hapo nikaogopa kweli. Bibi yetu alitulea na maneno yale: maiti akikuita ndotoni usiitike, akikukaribisha chakula usile, akikupakia chombo usipande, maana utakwenda naye. Miguu yangu ilitaka kupanda. Nilishika nyasi kwa mikono miwili.

"Siwezi, Baba," nikasema. "Siji."

"Nani kakuita?" akasema. "Shika taa."

Ilikuwa sauti yake hasa, ile ya kumchoka mtu anayemkawiza kazini. Na kweli, mkononi mwake mlikuwa na taa ya stesheni, na jua lilikuwa limeshazama bila mimi kujua. Nikaishika. Akashuka, akapiga magoti kwenye mataruma, magoti yake yakalia kama yalivyolia siku zote. Akapitisha kidole kwenye kiungo, juu ya ile risasi yake nyingi, akakaa nacho pale. Namulika mkono wake. Una lile kovu, una gundi iliyokauka kwenye kucha. Kwa muda ule hatapatapi, ametulia, na mimi naomba nisiamke.

Akaingiza mkono kwenye koti akatoa msumeno wa chuma. Akanigeuzia mpini, kama alivyonifundisha kumpa mtu chombo nikiwa mdogo.

Sikuupokea. Nilisikia hasira yote ya chumba cha nyuma ikinirudia. "Ulikataa mwenyewe," nikamwambia. "Nilikueleza ukakataa."

"Nilikuwa mzima," akasema.

Mpini ulikuwa bado umenielekea. Nyuma yake kiberenge kilianza kutikisika chenyewe, polepole. Alisikia, akageuza shingo, na ile hali ya kutotulia ikamrudia mabegani. Nikaupokea msumeno. Ulikuwa wa moto kutokana na mwili wake, na hilo lilinishangaza kuliko yote, kwamba ulikuwa wa moto.

Alisimama. Alikuwa ameshapanda nilipokumbuka kwamba nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kiberenge kilikuwa kinarudi nyuma, kinaingia tena kwenye mzunguko, na yeye anapiga kelele kuushinda ule mguno ulioanza tena chini.

"Mwambie mama yako muikate, nipite."

Nikaamka kiatu kimoja kimenivuka, nimekikumbatia. Kichwa kilikuwa kimegonga mguu wa meza, maana vibehewa vya treni ya Baba vilikuwa vinatikisika juu yangu. Mwadhini alikuwa anaadhini alfajiri. Nilikaa pale chini nikijiambia kwamba nimeota nilichotaka kuota, kwamba mtu aliyelala na msumeno kichwani ataota msumeno. Nilijiambia hivyo kwa nguvu zote na haikusaidia. Nilikuwa nimepewa maneno ya mtu na maneno hayakuwa yangu kukaa nayo.

Mama alikuwa macho, amekaa kwenye mkeka, amemaliza udhu. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwambia Baba amenijia. Hakushangaa. Alijifunika vizuri, akaniuliza kama wanavyouliza wazee wa kwetu, kabla ya jambo lolote jingine:

"Alikupa kitu, au alichukua kitu kwako?"

"Alinipa."

"Na ulipanda chochote? Ulikula?"

"Sikupanda, Mama. Sikula."

Akashusha pumzi. Nikamsimulia, kwa kifupi, nikiruka viatu vya mlangoni. Nilipofika kwenye msumeno aliinamisha uso na nikadhani amekasirika. Kisha nikaona kwamba analia, na anayelia alikuwa mwanamke ambaye kila usiku tangu mazishi alilala ubavu mmoja wa kitanda, akauacha ule mwingine, na mumewe akaenda kumtokea mtu mwingine.

"Mimi hajanijia hata mara moja," akasema.

Nilimshika goti.

"Alisemaje mwishoni? Sema alivyosema, usiongeze."

"Alisema, mwambie mama yako muikate, nipite."

"Nipite?"

"Ndiyo."

Alinitazama. "Hakusema nirudi?"

Nilitamani kumdanganya. Reli nzima ile Baba aliijenga kwa ajili ya kurudi, na Mama alijua, ndiyo maana hakutaka iguswe. Neno moja tu lingetosha, na hakuna ambaye angenibishia.

"Hakusema, Mama."

Ukumbini wageni walikuwa wameanza kukohoa na kutafuta kandambili zao. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga, jicho moja, halafu la pili, bila haraka. Akageukia kibla, akatengeneza mkeka, na nilidhani mazungumzo yameisha. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema.

"Kamkatie baba yako," akasema. "Na mlango wa huko uuache wazi, nimsikie akipita."